Ukitaka kumsaidia mwandishi mwanafunzi, anza na barua yake

Wale wanafunzi waandishi waliosimamishwa masomo kwa habari waliyoichapa wamerudi darasani. Barua ya kuwarudisha ilitoka Ijumaa, imesainiwa na kugongwa muhuri, na tangu niliposema hivyo kwenye status yangu simu haijatulia. Wahadhiri wananiuliza nilipitia mlango gani. Wanafunzi wa vyuo vingine wananiandikia: "Shikamoo dada, na sisi tumeitwa kamati ya nidhamu." Mmoja yuko mwaka wa pili, ana jarida la mtandaoni ambalo wenzake wanalisoma kuliko tovuti ya chuo. Aliniuliza swali moja tu: tuanze na nini?

Najibu hapa kwa wote, maana wengi wenu mmepita vyumba vya habari au mnatamani kupita, na mngependa kuwa upande wa hawa watoto siku wakibanwa. Tatizo letu ni kwamba tunajua sana kukasirika, na kukasirika hakujawahi kumrudisha mtu chuoni.

Kwanza niseme yangu, ili mjue ninayasema haya nikiwa nimeyaonja.

Nilikuwa mhariri wa gazeti la wanafunzi, chuo sikitaji. Kuliita gazeti ni kulipa heshima tu. Zilikuwa karatasi za A4 zilizokunjwa katikati, tunazitoa kopi kwenye duka la steshenari nje ya geti na kuziuza kwa bei ya chai na andazi. Tuliandika ratiba za mpira, mashairi ya mapenzi, malalamiko ya maji bwenini. Hakuna aliyetugusa. Kisha tukaandika kuhusu zabuni ya mgahawa. Chakula kilikuwa kimepanda bei ghafla, mwenzangu akafuatilia nani kapewa mgahawa na kwa utaratibu gani, ikaonekana aliyepewa na mjumbe mmoja wa kamati iliyompitisha ni mtu na shemeji yake. Tulikuwa na muhtasari wa kikao. Tulimpelekea mhusika maswali kwa maandishi, akatuambia tusome tulichokuja kusoma.

Toleo lilitoka Jumatatu, na kabla ya wiki kuisha barua zikaanza kugawiwa. "Kuchafua jina la chuo." "Kuendesha chombo cha habari bila kibali." Humo ndani hapakuwa na mstari hata mmoja unaosema tumeandika uongo. Lishikeni hilo, maana nitalirudia.

Mlezi wa klabu yetu, aliyekuwa akisoma kila toleo kabla halijatoka, akaacha kupokea simu. Serikali ya wanafunzi, ambayo nusu ya mawaziri wake walikuwa wakituomba picha zao zikae ukurasa wa mbele, ikatoa tamko la kujitenga nasi. Lilisainiwa na rais mwenyewe na kubandikwa ubaoni karibu na matokeo ya sapu. Nililisoma nikiwa nimebanwa katikati ya watu wanaotafuta namba zao za usajili. Miaka imepita, na bado nakumbuka kwamba sentensi yake ya kwanza ilikuwa na kosa la sarufi.

Marafiki nao hawakukosekana. Walituchapishia bango lenye sura zetu na maneno TUPO NANYI, wakalisambaza kwenye kila kundi la WhatsApp walilokuwamo. Tulipoingia kwenye kamati ya nidhamu tulilikuta bango lile juu ya meza. Limekuwa ushahidi kwamba tunachochea wanafunzi.

Aliyetusaidia kweli alikuwa mama mmoja mhadhiri wa takwimu. Hakuwa hata wa idara yetu. Alisema, "Mwanangu, lete hiyo barua niione." Akaisoma mara mbili. Akauliza imetufikia tarehe ngapi, kikao ni lini, na hicho kifungu cha sheria ndogo za wanafunzi kilichotajwa kiko ukurasa gani. Tulipokitafuta tukakuta kinahusu vurugu za mabwenini. Akatuandikisha majibu ya ukurasa mmoja. Uhuru wa habari haukutajwa popote humo. Tuliomba kuoneshwa ushahidi na kupewa muda wa kujiandaa. Siku ya kikao alikuja na mitihani yake ya kusahihisha, akakaa kwenye benchi la nje. Hawakumruhusu kuingia, lakini kila mjumbe aliyepita mlangoni alilazimika kumwamkia, na yeye aliitika vizuri tu na kuuliza habari za nyumbani.

Tulisimamishwa masomo hata hivyo. Lakini walikuwa wamepania kutufukuza, na baada ya yale maombi ya maandishi walishindwa. Boom, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, likakata. Mwenzangu aliyefuatilia ile zabuni alikwenda kwa mjomba wake na hakurudi tena, jambo linaloniuma kuliko adhabu yangu. Mimi nilirudi, nikamaliza, tena na GPA ambayo walioandika zile barua hawakuitarajia.

Kwa hiyo jibu la "tuanze na nini" ni barua. Kabla hujaandika chochote mtandaoni kumtetea mtu, mwombe barua aliyopewa, kurasa zote. Angalia tarehe. Angalia kifungu. Angalia kama kuna mahali wameonesha sentensi ya uongo. Kama hakuna, swali la kwanza kwenye utetezi ni hilo: ni sentensi ipi tuisahihishe?

Watakuja na hoja kwamba "ninyi si waandishi wa habari". Ni kweli hapa Tanzania Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka mwanahabari awe na ithibati na gazeti liwe na leseni, na mwanafunzi anayechapa au kurusha mtandaoni bila kumuuliza mwanasheria kwanza anajitafutia matatizo, maana zipo pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni. Lakini Ibara ya 18 ya Katiba inasema kila mtu anao uhuru wa kuwa na maoni, na ana haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Imesema kila mtu. Na Ibara ya 13(6)(a) inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa pale chombo kinapoamua juu ya haki zake. Mwanafunzi anayeitwa jioni ili akajieleze kesho asubuhi, bila kuoneshwa ushahidi, hajasikilizwa. Aseme hivyo, kwa maandishi, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Akikataliwa rufaa ndani ya chuo, mahakamani ana miezi 6 tu ya kuomba kibali cha kupinga uamuzi ule. Wengi huimalizia nyumbani wakisubiri hasira za wakubwa zipoe.

Vijana wangu hawa waliorudi walikuwa wameandika kuhusu fedha za bima ya afya: wanafunzi wamelipa, kadi hazionekani. Kabla ya kuchapa waliomba taarifa kwa barua chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayompa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Chuo kilikaa kimya. Kimya kile ndicho kilichowaokoa, kwa sababu mbele ya kamati walitoa nakala yenye muhuri wa masijala na kuuliza: tungewauliza vipi zaidi ya hivi? Hilo niliwafundisha mimi, silifichi. Niliwafundisha pia kusoma ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambazo huwasilishwa bungeni kila mwaka na ziko wazi. Habari yenye ukurasa wa CAG nyuma yake ni ngumu kuiita umbea.

Vita hii haikuanza na kizazi cha TikTok. Mwaka 1969 wanafunzi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walianzisha jarida la Cheche. Wahariri wake walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, huyo huyo aliyekuja kuwa Waziri wa Fedha. Mwaka 1970 wakatoa andiko la msomi wa sheria Issa Shivji kuhusu matabaka nchini, na Novemba mwaka huo jarida likapigwa marufuku pamoja na USARF, chama cha wanafunzi kilichokuwa nyuma yake. Hoja ikawa kwamba jina limetoka kwa Warusi, kwenye Iskra, yaani "cheche", gazeti la Lenin, nasi tunajenga ujamaa wetu. Unaona? Hata wao hawakuoneshwa sentensi ya uongo. Wenzao wakaja na jarida la MajiMaji chini ya vijana wa TANU, chama tawala cha wakati ule, kazi ikaendelea, na leo watafiti wanayatafuta majarida yale. Tunzeni nakala. Akaunti inafungwa, simu inapotea, lakini nakala iliyoko kwa shangazi Singida haifutwi na mtu.

Mfano wa msaada ninaoupenda zaidi umetoka Marekani. Oktoba 2025 Chuo Kikuu cha Indiana kilimfukuza kazi mkurugenzi wa vyombo vya habari vya wanafunzi na kusitisha toleo la karatasi la gazeti lao, Indiana Daily Student, ambalo lipo tangu 1867. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue, ambao ni mahasimu wao wa jadi mpaka kwenye mpira, hawakuishia kutoa tamko. Gazeti lao likachapa toleo maalumu, wakalipakia kwenye magari na kwenda kulijaza kwenye masanduku ya magazeti ya wenzao. Baadaye chuo kikalegeza na kuruhusu uchapishaji. Wenzetu kule wana pia kituo cha msaada wa kisheria kwa waandishi wanafunzi tangu 1974. Huku kwetu nenda Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC), Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu (THRDC) au MISA Tanzania, wanaotetea uhuru wa vyombo vya habari, na nenda mapema, barua ikiwa bado ya moto.

Sasa niwageukie wakubwa wenzangu. Mhariri unayechukua habari kwa mwanafunzi, ukaichapa bila jina lake, kisha akisimamishwa unasema "dogo kajichanganya", una deni. Mpigie simu. Mwandikie barua ya kuitambua kazi yake. Mhadhiri unayefundisha maadili ya uandishi wa habari saa 4 asubuhi na saa 8 unasaini adhabu ya aliyeyafuata, unafundisha nini? Na mlezi wa klabu, kama huwezi kukaa benchi la nje siku ya kikao, usiwe mlezi. Acha nafasi hiyo ichukuliwe na mwalimu wa takwimu.

Tena msiwasukume. Mwanafunzi ndiye mwenye mzazi kijijini anayesubiri mahafali. Akitaka kuomba radhi yaishe, ni haki yake, na asiitwe msaliti na mtu mwenye mshahara. Mwulizeni anataka nini kabla hamjampangia ushujaa.

Na kuna fedha. Aliyesimamishwa anatoka bwenini, na mkopo unasimama. Anahitaji mahali pa kulala, vocha, nauli ya kurudi kwenye rufaa, na mtu wa kumwambia ale. Kwa hawa wa safari hii, chumba kilipatikana kwa dada mmoja msomaji wa blogu hii, na wakili hakutoza ada, tulilipia gharama za makaratasi tu. Watu wanaodhani uhuru wa habari ni mada ya makongamano hawajawahi kutafuta godoro usiku.

Yule rais wa serikali ya wanafunzi aliyesaini tamko siku hizi yumo kwenye kamati ya wahitimu, na kila mwaka hunitumia kadi ya mchango wa chakula cha jioni. Sijawahi kuchanga. Kiasi wanachoomba kinatosha nauli ya basi kutoka Bukoba hadi Dar, na kuna binti ana rufaa mwezi ujao.