Kabla ya Kuomba Kitambulisho cha Jimbo Marekani, Linganisha Hati Zako

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasindikiza, nikiwa mkalimani, ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili wanapokwenda kuomba kitambulisho cha jimbo hapa Marekani, wengi wao wakiwa wametoka Kongo kwa kupitia kambi za wakimbizi za Tanzania, Burundi na Uganda. Wanaorudishwa nyumbani mikono mitupu mara nyingi hawakupungukiwa na hati. Hati wanazo, ila hazikubaliani. Ndiyo maana nashauri kazi kubwa ifanyike nyumbani kabla ya kuweka miadi na ofisi, iwe inaitwa DMV kama ilivyo katika majimbo mengi, BMV kama Ohio na Indiana, au DPS kama Texas.

Kwa kawaida utatakiwa kuonyesha hati inayothibitisha wewe ni nani na kwamba upo nchini kihalali, kama vile grinikadi (kadi ya ukaaji wa kudumu), kadi ya ruhusa ya kazi, au pasipoti yenye viza pamoja na I-94, yaani kumbukumbu ya kuingia kwako nchini. Kisha namba ya Social Security, yaani ya hifadhi ya jamii, na hati zinazoonyesha anwani yako, kwa mfano mkataba wa pango na bili ya umeme. Zitandaze zote mbele yako, usome jina herufi kwa herufi. Mkongo mwenye majina matatu huweza kukuta kwamba I-94 imeyaandika yote, kadi ya Social Security imeacha moja, na mkataba wa pango umegeuza jina la ukoo kuwa la kwanza. Aliyekuja na pasipoti yenye jina moja tu huenda akaona herufi FNU mahali pa jina la kwanza. Hilo si jina lake, bali ni alama ya kwamba jina la kwanza halikujulikana.

Tarehe ya kuzaliwa inahitaji uangalifu wa pekee. Sisi tumezoea kutanguliza siku, lakini Marekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo aliyezaliwa tarehe 7 Machi akiandika 07/03/1990 atasomeka kuwa amezaliwa tarehe 3 Julai. Kosa dogo namna hiyo lina uzito kwa sababu ofisi ya jimbo haiishii kutazama karatasi: taarifa za mtu asiye raia hulinganishwa na kumbukumbu za uhamiaji kupitia mfumo wa serikali kuu uitwao SAVE, na zisipolingana ombi husimama hadi uhakiki zaidi ufanyike.

Ukiona tofauti, anza kurekebisha kwenye hati ya uhamiaji, kwa kuwa hati nyingine hufuata hiyo. Kosa la I-94 lililofanywa wakati wa kuingia nchini hupelekwa CBP, idara ya forodha na ulinzi wa mipaka, katika vituo vyake vya Deferred Inspection. Baada ya hapo nenda ofisi ya Social Security na fomu ya SS-5, ya kuomba au kurekebisha kadi hiyo. Huduma hiyo hailipiwi, hivyo usikubali mtu akutoze fedha kwa ajili yake. Subiri siku moja au mbili ili marekebisho yafike kwenye kompyuta, ndipo uende ofisi ya jimbo.

Utaulizwa pia kama unataka kadi ya REAL ID, yaani kitambulisho cha jimbo kinachokidhi viwango vya serikali kuu, ambayo katika majimbo mengi hutambulika kwa nyota. Tangu tarehe 7 Mei 2025 kitambulisho cha jimbo kisicho cha aina hiyo hakitoshi kupandia ndege za ndani ya nchi, ingawa pasipoti au grinikadi bado inakubalika. Anayesubiri uamuzi wa ombi la hifadhi hupewa REAL ID ya muda, inayokwisha pamoja na ruhusa yake ya kukaa, au baada ya mwaka mmoja ikiwa ruhusa hiyo haina mwisho maalumu.

Jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote ni swali la kupiga kura. Sheria ya mwaka 1993 inazitaka ofisi zinazotoa leseni katika majimbo mengi ziwape waombaji nafasi ya kujiandikisha kuwa wapiga kura, na swali huja haraka, katikati ya mengine kuhusu urefu wako na rangi ya macho. Kama wewe si raia wa Marekani, jibu ni hapana, hata kama una grinikadi. Anayesaini kwamba ni raia ilhali siye anaweza kunyimwa uraia baadaye, na hata kuondolewa nchini. Omba mkalimani mtu mzima. Mimi huumia nikimwona mtoto wa shule ya msingi akimtafsiria mama yake maswali ya sheria, kwani akikosea neno moja mzigo unabaki kwa mama. Usisaini chochote kabla hujaelezwa kila swali, likiwemo lile la kuchangia viungo vya mwili baada ya kifo, ambalo ni la hiari kabisa.

Katika majimbo mengi utaondoka na karatasi ya muda, na kadi yenyewe itafuata kwa posta. Ikiwa mnaishi familia mbili katika nyumba moja, andika jina lako kwenye sanduku la barua, maana barua huweza kurudishwa ilikotoka. Kadi ikifika, ilinganishe siku hiyo hiyo na I-94 au grinikadi yako. Ukihama, asiye raia anatakiwa kuijulisha USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, kwa fomu ya AR-11 ndani ya siku 10, na ofisi ya jimbo ijulishwe kando, kwa sababu taarifa ya USCIS haibadilishi anwani iliyo kwenye kitambulisho chako.