Filamu za kutisha usizozijua: uanzie wapi msimu huu wa vuli

Ndugu yangu, umeeleza kwamba hapo Minneapolis ungependa kutumia msimu mzima wa vuli, hadi Halloween, kutazama filamu za kutisha ambazo hujawahi kuziona, nawe unauliza uanzie wapi. Nakushauri uziweke kando zile mpya, kwa kuwa nyingi hufuata mkondo uliokwisha kuuzoea, uanze na za zamani kutoka nchi nyingine, ambako hofu hujengwa kwa namna tofauti kabisa.

Iliyo bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ni Kwaidan ya Masaki Kobayashi, iliyotoka Japani mwaka 1964 ikiwa na visa vinne. Katika kisa cha Hoichi, mpiga ala kipofu, watawa wanamwandika maneno matakatifu mwilini kwa brashi na wino, hata usoni, ili mizimu isimwone, na utulivu wa tukio hilo unatisha kuliko mayowe yoyote. Itengee usiku wa Jumamosi, kwani inachukua takribani saa tatu, na tafadhali usiitazame kwenye simu, maana utazikosa rangi zake.

Siku za kazi Viy, filamu ya Kisovieti ya mwaka 1967, itakufaa zaidi, kwa sababu haifiki saa moja na nusu: mwanafunzi wa seminari anakesha kanisani kwa usiku tatu akimwombea binti aliyefariki, akiwa amejizungushia duara la chaki. Vampyr ya Carl Theodor Dreyer, ya 1932, huenda polepole mno. Iache hadi mwishoni mwa Oktoba.

Usisome muhtasari wa yoyote kati ya hizi kabla ya kuitazama.