Jeraha la kuigiza kwa unga wa ngano na mafuta ya mgando

Kinachoharibu majeraha mengi ya filamu zetu ni kingo. Damu hata ikipatia rangi, kamera ikisogea tu unaona donge limebandikwa juu ya ngozi.

Chukua kijiko kikubwa 1 cha mafuta ya mgando, vijiko vikubwa 2 vya unga wa ngano na nusu kijiko cha chai cha kakao. Kanda mpaka donge liache kunata vidoleni. Likikatikakatika, ongeza mafuta kidogo. Likiteleza, ongeza unga. Kakao ndiyo inayoleta rangi ya ngozi, kwa hiyo ilinganishe na mkono wa mwigizaji mchana nje, si chini ya taa ya chumbani.

Osha ngozi kwa sabuni, ikauke kabisa. Donge halishiki penye jasho, na ukiwa Dar au Mombasa saa nane mchana jasho halikosekani. Mkalishe mwigizaji kivulini, umpepee kwanza. Bandika kipande chembamba, katikati kisizidi unene wa shilingi. Kisha kingo: zisukume kwa ncha ya kidole kuelekea nje, kidogo kidogo, mpaka usione donge linapoishia. Hapa usiwe na haraka. Kidole kikikwama, kiguse mafuta kidogo sana, maana yakizidi pale pataakisi taa na poda haitashika. Ukimaliza, gongagonga poda ya rangi ya ngozi ya mwigizaji juu ya donge na ngozi ya pembeni.

Chana katikati kwa kijiti cha meno, na mstari usinyooke sana. Ndani weka nyekundu iliyoiva, na chini kabisa wanja mweusi kidogo ili pawe na kina. Kwenye ngozi nyeusi, mdomo wa jeraha bichi huonyesha waridi iliyopauka. Mstari mwembamba wa rangi hiyo unasaidia kuliko kumwaga damu kikombe kizima. Uvimbe wa ngumi nao usiupake bluu ya katuni. Tumia zambarau iliyokolea na kahawia.

Damu: chemsha kikombe 1 cha sukari na nusu kikombe cha maji mpaka iwe nzito kidogo, kisha ipoe. Tia kijiko cha chai 1 cha rangi nyekundu ya chakula, robo kijiko cha kakao iliyokorogwa pembeni kwa maji ya vuguvugu (ukiimwaga kavu inafanya madonge), na tone 1 la bluu. Nyekundu peke yake ikitandazwa hugeuka pinki kwenye kamera. Isiingie machoni, na ifunike: sisimizi na nzi hawasubiri mwongozaji.

Piga picha ya jeraha kwa simu kabla ya kila mapumziko, la sivyo litahama shavu.

Kulitoa, paka mafuta kwanza, futa kwa pamba, ndipo sabuni. Rangi ya chakula inaweza kubaki ngozini hadi kesho yake, hivyo panga scene za uso usio na jeraha zitangulie.