Je, Cliff Richard aliacha muziki wa kidunia alipookoka?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, marehemu baba alituachia kanda ya Krismasi ya Cliff Richard, na hadi leo tunaipiga kila Desemba. Kwetu mwanamuziki akiokoka huuaga muziki wa kidunia, akabaki na nyimbo za Injili. Mbona yeye aliendelea na vyote viwili, na je, imani hiyo ilidumu? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Alikaribia sana kuuaga. Cliff Richard, aliyezaliwa Lucknow, India, mwaka 1940 kwa jina la Harry Webb, alikuwa nyota wa roki nchini Uingereza tangu mwaka 1958. Juni 1966, katika mkutano wa mhubiri Billy Graham huko Earls Court, London, alisimama mbele ya umati akajitangaza kuwa Mkristo. Siku hizo alikuwa akifikiria kuacha muziki akafundishe somo la dini shuleni. Hatimaye alishawishika kubaki, na mwaka 1967 akatoa albamu ya nyimbo za dini, *Good News*, huku nyimbo zake za mapenzi zikiendelea kama kawaida.

Upole unaousikia kwenye kanda ya baba, kwa maoni yangu, unatokana na sauti yenyewe: haipandi kama ya mhubiri wa mkutano wa hadhara, bali hutulia kama ya mtu anayezungumza na mwenziwe barazani. *Mistletoe and Wine*, ambao yaelekea umo humo, ulitoka katika mchezo wa jukwaani. Yeye aliubadilisha maneno ili habari za Kristo ziingie, ukashika namba moja Uingereza Krismasi ya 1988.

Hata hivyo, wimbo unaomweleza vizuri zaidi ni *The Millennium Prayer* wa mwaka 1999. Maneno yake ni ya Sala ya Bwana, lakini tuni ni ya *Auld Lang Syne*, wimbo wa Kiskoti ambao Waingereza huuimba wameshikana mikono saa sita usiku wa kuamkia mwaka mpya. (Nimejaribu kuingiza Baba Yetu ya Kiswahili katika tuni hiyo, silabi zinanizidi.) EMI, kampuni iliyorekodi nyimbo zake kwa takriban miaka 40, iliukataa, na baadhi ya redio hazikuupiga, lakini ulipotolewa na kampuni nyingine ulikaa namba moja wiki tatu.

Kuhusu kudumu, jaribu kubwa lilimfika uzeeni. Mwaka 2014 polisi walipekua nyumba yake kwa tuhuma za unyanyasaji wa kingono, BBC ikirusha picha kutoka angani. Hakushtakiwa kamwe, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba shirika hilo lilikiuka haki yake ya faragha. Kesi aliipeleka mahakamani, lakini kuhusu aliyemtuhumu, Cliff mwenyewe alisema hadharani kwamba amemsamehe.