Mimi huo muda wa mazoezi niliuiba kwa mke wangu

Mleta uzi anasema anafanya kazi ya ofisini Kampala. Anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kabla foleni ya barabara ya Jinja Road haijafunga, anarudi saa tatu usiku, ana watoto wawili, kitambi kimeanza kuchungulia, na daktari amemwambia presha inapanda. Anauliza sisi wenye familia tunapata wapi muda wa mazoezi, au ni yeye tu hana nidhamu. Walionitangulia karibu wote wamemwambia aamke mapema na aache visingizio. Mmoja kamwekea na mfano wa mwanariadha wetu Joshua Cheptegei.

Mkuu, Cheptegei namheshimu. Ile usiku ya Oktoba 2020 kule Valencia alipokata mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11 nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Ila kukimbia ndilo jembe lake. Akitoka mazoezini anapumzika ili akimbie tena. Wewe ukitoka mazoezini kuna bosi, kuna foleni na kuna mtoto anayetaka soksi.

Hilo la kuamka mapema mimi nimelifanya, tena kwa bidii, na nusura linivunjie nyumba.

Mimi ni wakala wa forodha Malaba, kwenye mpaka wa Uganda na Kenya, nakaa Tororo. Mpaka haulali, malori yanavuka usiku na mchana. Watu hudhani sisi huku tunashinda tukikimbizana na madereva. Ukweli, tangu makaratasi yahamie kwenye kompyuta, ninayekimbizana naye ni mtandao. Lori la mteja wangu linaweza kupaki hatua mia mbili kutoka mezani kwangu na nisilione mpaka linaondoka. Na sistimu ikilala, mtu unakula. Chai ya maziwa, sukari vijiko vitatu, chapati mbili. Sistimu ikiamka na kulala tena, rolex, ile chapati ya kukunjia mayai, tena ya mayai matatu. Jioni chungu cha malwa, pombe ya ulezi tunayoinywa kwa mirija, na wenzangu. Aliyewahi kukaa kwenye malwa anajua ubaya wa ule mrija: wanaongeza maji ya moto, chungu hakipungui, kwa hiyo huna namna ya kujua umekunywa kiasi gani.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa takwimu za nchi ambazo watu wake hawajishughulishi na mwili, Uganda ikaonekana miongoni mwa zenye wavivu wachache kabisa duniani, asilimia 5.5 tu. Tulijivuna sana pale ofisini, tumekaa vitini, sahani za muchomo, yaani nyama choma, mbele yetu. Sifa zile alizileta mama yangu na jembe lake na ndoo yake ya maji. Mimi nilikuwa kwenye hiyo asilimia tano na nusu.

Mwaka uliofuata nilipimwa, presha 148 kwa 96, mzani ukasoma kilo 98. Nikajiunga na jimu, nikalipa miezi mitatu, nikaenda mara kumi na moja. Hapo sina la kusimulia.

Ikaja karantini ya 2020. Mtakumbuka mzee Museveni alivyozuia watu kufanya mazoezi barabarani, kisha akatoa video yeye mwenyewe akizunguka ofisini pekupeku na kupiga pushapu 30, na miaka yake 75. Nilimcheka, halafu nikajaribu. Nilifika saba. Hiyo saba ndiyo iliyoniuma kuliko maneno ya daktari. Nikaanza na jerikeni ya maji ya lita 20, ambayo ni kama kilo 20 bila kulipa mtu: naikumbatia kifuani nachuchumaa na kusimama, naibeba mkono mmoja nazunguka ua. Masharti yalipolegea nikaingia barabarani. Saa kumi na nusu alfajiri niko nje, siku sita kwa wiki, mvua na jua. Kilo zikashuka. Watu wakaanza kuniita mfano. Nikawa naandika mambo ya nidhamu kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo, aibu naiona leo.

Sasa nyumbani. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Karibu miaka miwili watoto wangu watatu walikuwa ndani, na mke wangu ni fundi cherehani, chumba chake cha kazi ni kile cha mbele. Mimi nikirudi kutoka barabarani nimelowa jasho, nilikuta maji ya kuoga yamechemka, uji uko mezani, watoto wamenawishwa. Nikaoga, nikanywa, nikapanda taksi, hizi gari ndogo za abiria, kwenda Malaba. Na huku nikijisifu kwamba nimeweza kulinganisha kazi, familia na mazoezi! Hakuna nilichokuwa nimelinganisha. Sehemu ya familia alikuwa ameibeba mtu mwingine, mimi nikabaki na mbili.

Novemba 2022 nilikwenda Kampala kukimbia kilomita 21. Jumapili hiyohiyo ilikuwa siku ya wazazi kuwatembelea watoto bwenini, na binti yetu mkubwa ndiyo kwanza alikuwa ameanza bweni. Mama yake alibeba kuku na chapati akaenda peke yake. Mtoto akamwuliza, "Baba yuko kazini?" Akamjibu, "Baba yuko mbioni." Mimi nilimaliza kwa saa mbili na dakika arobaini, nikapewa medali, na goti la kulia likanikatalia ngazi kwa mwezi mzima kwa sababu nilikuwa nimeongeza kilomita kwa pupa.

Hata hapo sikuelewa. Nilielewa katikati ya Februari 2023, muhula wa kwanza umeanza, mke wangu ana lundo la sare ambazo hajamaliza. Alfajiri moja nainama kuchukua viatu vyangu chini ya benchi, namwona amesimama mlangoni, kavaa raba zake za zamani na leso kiunoni. Akasema, "Leo zamu yangu." Akafungua mlango akaenda.

Boda ya kuwapeleka wale wadogo shuleni inafika saa kumi na mbili na nusu. Nilikuwa na karibu saa mbili na nikasema moyoni, hiki ni kitu gani. Sigiri ikakataa kushika. Sijui ni miaka mingapi sikuwa nimewasha mkaa. Nikatia kipande cha kaveera, mfuko wa plastiki, kama mtoto mtundu, jiko lote likajaa moshi mweusi. Uji ukafurika ukazima nusu ya makaa niliyoyapata kwa taabu. Yule wa chekechea analia hataki sweta inayowasha. Kaka yake hana soksi ya pili, na mimi sijui nyumbani kwangu soksi zinakaa wapi! Nikamvika moja nyeupe moja ya kijivu. Boda inapiga honi, daftari la hesabu halionekani. Simu yangu inalia mfululizo, mteja anauliza kontena lake limefika wapi. Walipoondoka nilikaa kwenye kile kibenchi nikiwa na jasho kuliko siku ya kilomita 21.

Akarudi. Alikuwa ametembea mpaka ng'ambo ya reli na kurudi. Akateka kikombe cha maji, akanywa polepole, akaniambia, "Kumbe ni tamu hivi. Na miaka yote hii umekuwa ukiinywa peke yako."

Hakupiga kelele, na ndiyo maana sikuwa na pa kujitetea.

Jioni tulikaa na kalenda ya ukutani na kalamu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ni zangu, dakika arobaini. Jumanne na Alhamisi ni zake. Anayebaki anabeba yote, na hakuna kupiga simu kuuliza soksi ziko wapi. Jumamosi hakuna mtu, tunalala. Jumapili jioni tunakwenda sote Mwamba wa Tororo; wadogo wanaishia kwenye ngazi za kwanza za chuma na mmoja wetu anabaki nao, mwingine anapanda. Siku hewa ikiwa safi unauona Mlima Elgon. Hesabu ya wataalamu kwa mtu mzima ni dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokuhemesha kidogo, na siku mbili za kutia misuli nguvu. Hizo ninazipata na kuzidi bila saa kumi na nusu. Jerikeni iko palepale uani, sasa tunagombania wawili.

Nikaongeza kimoja cha bure: kwenda kazini nashuka taksi kabla ya kufika, natembea dakika ishirini kando ya foleni ya malori. Wiki za mwanzo madereva walinicheka, "Ajenti, leo nauli imekatika?" Siku hizi wananipungia tu, na mara mbili nimekuta tatizo la mzigo pale foleni kabla halijafika mezani.

Ila kazi ngumu kuliko zote haikuwa barabarani. Ilikuwa simu. Wateja wangu walikuwa wamezoea kunipata saa yoyote, na mimi niliona huko ndiko kuchapa kazi. Nilipatana na mwenzangu tugawane usiku, wiki moja yeye, wiki moja mimi. Wiki isiyo yangu, saa tatu usiku simu inaingia kwenye kabati la nyuzi la mke wangu na inatoka alfajiri. Mteja mmoja wa vipuri alikasirika akahamia kwa wakala mwingine, na huyo alikuwa mkubwa. Mfuko uliumia miezi kadhaa, sitaki kumdanganya mtu hapa. Lakini nilianza kupata usingizi wa saa saba kwa usiku, na sijui kwa nini wanaohubiri kuamka saa kumi hawasemi umelala saa ngapi. Mtu analala saa sita usiku anaamka saa kumi kukimbia, kisha anashangaa njaa inamtuma chapati nne.

Malwa sikuacha, msije mkanidhania ulokole. Ni mara moja kwa wiki, Jumamosi, na ninabeba kikombe changu, nachota, nakunywa humo. Wazee wananiona nimeharibika. Sukari ya chai nilitoka vijiko vitatu nikaja kimoja, mwezi mzima niliona nakunywa maji ya kuoshea masufuria, sasa nimezoea.

Leo niko kilo 86. Presha mara ya mwisho 130 kwa 84, na bado nameza kidonge kila asubuhi, kwa hiyo wewe usiache dawa za daktari kwa sababu jukwaani kuna mtu kakimbia akapona. Tena kabla hujaanza mbio nenda kapime, anza kwa kutembea. Desemba mizigo ikijaa mpakani huwa napoteza wiki mbili nzima bila hata pushapu moja. Zamani ningejaribu kulipa deni kwa kukimbia mara mbili kwa siku. Goti lilinifundisha kwamba wiki iliyokwenda imekwenda.

Sasa wewe wa Jinja Road. Kabla hujanunua viatu, kaa na mwenzako umwulize yeye anataka saa ipi iwe yake, umpe hiyo kwanza. Ukishajua utakapobaki na watoto, yako itaonekana. Na jioni foleni ikisimama, shuka Nakawa, tembea kuelekea nyumbani vituo viwili vitatu, uone kama hilo gari ulilokuwamo litakupita. Mimi nikija Kampala hufanya hivyo na mara nyingi nalisubiri mbele.

Mwenye swali la jerikeni aulize, namna ya kuikamata isikuumize kiuno nitaeleza. Nitajibu kesho mchana, maana ni saa tatu kasoro dakika tano na mke wangu ameshafungua kabati.