Kasi ya juu? Juu ya nini?

Msomaji mmoja anatafsiri makala ya mambo ya mitandao ya kompyuta na amekwama kwenye kichwa tu. Yeye kaandika "Itifaki za usafiri wa data katika mitandao ya kasi ya juu ya masafa marefu", mhariri wake kalizungushia neno masafa wino mwekundu, eti masafa ni mambo ya redio, aandike umbali. Sasa ananiuliza, mwalimu, nani yuko sahihi hapa?

Wewe uko sahihi. Masafa tumelitoa kwenye Kiarabu na maana yake ni umbali huo huo, ndiyo maana kombora linaitwa la masafa marefu na hakuna anayedhani linarusha taarifa ya habari. Hayo ya redio yamekuja baadaye yakakuta neno liko kazini. Usafiri badilisha uwe usafirishaji, maana data haijisafirii yenyewe, kuna kitu kinaisafirisha na kitu chenyewe ndiyo hiyo itifaki (nayo ya Kiarabu, makubaliano, tuendelee).

Ila mhariri wako kanishangaza. Ana kalamu nyekundu mkononi, kapita juu ya "kasi ya juu" bila hata kukohoa, akaenda kumkamata masafa ambaye hana kosa!

Hivi jamani hii kasi ya juu imetoka wapi? Najua imetoka wapi, nauliza kwa hasira tu. Mtu kaona neno la Kiingereza lenye maana ya juu limekaa mbele ya neno lenye maana ya kasi akayahamisha yote mawili kama yalivyo, na siku hizi kila tangazo la intaneti ni kasi ya juu, kasi ya juu zaidi, na juzi nimekutana na "kasi ya juu ya haraka" nikafunga simu nikaenda kulala. Elimu ya juu sawa, ina ngazi. Bei ya juu sawa, bei hupanda na kushuka tangu zamani. Hata "kasi ya juu kabisa inayoruhusiwa" naivumilia, maana pale kuna kikomo na wewe umekigusa. Lakini kasi yenyewe kwa Kiswahili ni kubwa au ndogo, inaongezeka au inapungua, na mara nyingi haihitaji hata kivumishi, unasema tu anakimbia kasi, maji yanakwenda kasi, basi, kila mtu kaelewa.

Hilo ni kosa la kwanza na ndilo dogo. Kosa kubwa ni kwamba hiyo mitandao unayoiandikia haina kasi kuliko mingine! Mwanga unaobeba data ndani ya kebo ya fiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, iwe umelipia kifurushi cha maskini au cha tajiri. Kilomita 10,000 kwenda ni milisekunde 50, na kurudi 50, jumla 100, hakuna kampuni itakayokuuzia pungufu ya hapo kwa kebo hiyo. Kinachoongezeka ukiambiwa mtandao ni gigabiti 10 badala ya moja ni wingi wa data inayoingia kwa sekunde, yaani unene wa bomba, maji yenyewe mwendo wake ni ule ule.

Mtaniambia mwalimu unapasua nywele. Haya, chukua TCP, itifaki inayobeba sehemu kubwa ya intaneti, uone hilo neno kasi linavyompoteza msomaji wako. TCP haimwagi data hovyo, inatuma kiasi fulani halafu inangoja upande wa pili ujibu kwamba zimefika ndipo iendelee, na hicho kiasi mafundi wanakiita dirisha. Kwenye muundo wake wa 1981 nafasi ya kuandika ukubwa wa dirisha ndani ya kichwa cha paketi (paketi ni kifurushi kidogo cha data, kichwa ni maelezo yake ya mbele) ilikuwa biti 16 tu, kwa hiyo mwisho ni baiti 65,535, na baiti moja ni biti nane. Sasa piga hesabu mwenyewe: unatuma baiti hizo 65,535, unakaa milisekunde 100 kungoja jibu, unatuma tena. Haifiki megabiti 5.3 kwa sekunde! Hata ukiwa na kebo ya gigabiti 10 unapata hizo hizo, sehemu iliyobaki inalala tupu, na mtumiaji analalamika "mbona kasi ya juu siioni". Haioni kwa sababu shida haikuwa kasi, shida ilikuwa masafa. Mwaka 1992 likatoka rekebisho la kulikuza dirisha hadi karibu gigabaiti moja, na afadhali, maana kuijaza hiyo kebo ya gigabiti 10 kwa safari ya milisekunde 100 unahitaji megabaiti 125 ziwe njiani kwa wakati mmoja, zimetumwa na hazijajibiwa.

Dirisha likakua, ikabaki tabia. TCP ya kawaida ikipoteza paketi moja inadhani njia imejaa, inakata dirisha nusu, halafu inalirudisha kwa kuongeza paketi moja kila mzunguko. Kwenye njia fupi nyembamba hata hushtuki. Kwenye ile njia yetu, kwa paketi za baiti 1,500, dirisha ni paketi kama 83,333, ukikatwa nusu unazirudisha moja moja kila milisekunde 100, hiyo ni zaidi ya saa nzima, kwa paketi moja iliyoanguka! Mtafiti wa mitandao Sally Floyd alilionyesha hili 2003 alipopendekeza TCP iliyorekebishwa kwa madirisha makubwa, kwamba ile ya kawaida ingeweza kuvumilia upotevu mara moja tu katika paketi bilioni 5. Ndiyo maana wakaja wa TCP ya aina ya CUBIC wasiokata nusu nzima na wanaorudi kwa mkunjo badala ya kutambaa, wakaja wa itifaki ya UDT waliohamia juu ya UDP (itifaki nyepesi inayotuma bila kungoja majibu), na 2016 Google wakaja na BBR inayopima njia ina unene gani na urefu gani badala ya kusubiri paketi ianguke ndipo ishtuke.

Unene na urefu, mmesikia? Wahandisi wenyewe wakizungumza wao kwa wao hawasemi kasi. Kwenye waraka wao wa 1988, Jacobson na Braden waliiita mitandao mirefu minene, wakaifupisha kwa herufi tatu, LFN, ambazo kwa Kiingereza walisema zitamkwe karibu kama tembo. Na Kiswahili hapo hakina hata cha kuhangaika: mitandao mirefu minene, ngeli imekaa, sauti imekaa, maana imekaa. "Mipana" sikushauri, watu watadhani unasema mtandao wa eneo pana, ambao ni kitu kingine.

Kwa hiyo andika "Itifaki za kusafirisha data katika mitandao minene ya masafa marefu". Mhariri akiona minene haina adabu mpe "yenye uwezo mkubwa", nayo inapita. Na neno kasi peke yake, sawa, hiyo vita nimeshaiacha, dunia nzima inapima "kasi ya intaneti" kwa megabiti na mimi mwenyewe nikipigia simu watoa huduma nasema kasi, la sivyo hawanielewi. Kasi kubwa nitanyamaza. Ya juu nitakurudishia na wino mwekundu.

Mwingine kauliza kama paketi "zinapotea" au "zinadondoka". Zikikataliwa na ruta iliyojaa (ruta ni kile kifaa kinachozielekeza njia), zinatupwa. Ruta imezitupa kwa makusudi, msiisingizie bahati mbaya.