Dishi juu ya gari: pima waya kabla ya kulaumu dishi

Wiki hii karibu wote mmeuliza kuhusu Starlink Mini, lile dishi dogo la bapa la intaneti ya satelaiti linalofungwa juu ya keria.

*Fundi, dishi langu linajizima na kujiwasha kila nikisimama na kuzima injini. Nimelichomeka kwenye soketi ya sigara kwa waya wa mita 5. Ni bovu?* (Dereva wa watalii, Nanyuki)

Dishi lako ni zima, ndugu yangu, usilirudishe dukani. Linataka volti 12 hadi 48, kwa hiyo ukilipatia volti 12 umelipatia kiwango cha chini kabisa. Sasa angalia waya. Ukiwa wa milimita 0.75 za mraba, umeme unakwenda mita 5 na kurudi mita 5, na dishi likivuta wati 60 waya huo unameza zaidi ya volti 1. Injini ikinguruma, alteneta inasukuma karibu volti 14 na upungufu hauonekani. Ukizima, unabaki na betri peke yake, na dishi linapata chini ya volti 12.

Juzi niliweka mita kwenye gari lenye shida hiyo hiyo: kwenye betri 12.5, kwenye plagi ya dishi 11.2. Tulibadilisha waya tu. Tulivuta wa milimita 2.5 za mraba moja kwa moja kutoka kwenye betri, na fyuzi ya ampea 10 karibu kabisa na chanya. Hiyo fyuzi nakusihi usiiache. Barabara ya mawe husugua waya kwenye bati hadi unachubuka, na bila fyuzi gari linaweza kushika moto. Soketi ya sigara nayo hulegea kwa mitikisiko.

*Tunalala porini na gari la kliniki na tunatuma ripoti usiku. Tuliache likiwaka hadi asubuhi?* (Muuguzi, Samburu)

Hapana, dada, si kwa betri ya kuwashia gari. Wati 30 kwa saa 10 ni ampea-saa 25. Betri ya ampea-saa 70 iliyochoka ikinyang'anywa hizo, huenda alfajiri isizungushe stata, na nyinyi mna wagonjwa wanaowangoja. Fungeni betri ya pili, yenye rilei (swichi ya umeme) inayoitenganisha injini ikizimwa. Inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, achaneni nayo: inakula umeme bure, wakati dishi linakubali umeme wa betri moja kwa moja.

*Sumaku za kushikilia dishi hazing'ang'anii kwenye Defender yangu ya zamani.*

Paa lake ni alumini, sumaku haina pa kushika. Funga kwa bolti kwenye keria, na uliinamishe kidogo ili maji ya mvua yatiririke.

*Nikivuka mpaka litaendelea kufanya kazi?*

Inategemea nchi na kifurushi. Rwanda huduma ilianza Februari 2023, Kenya Julai mwaka huo. Nchi ambayo haijatoa leseni usitegemee mtandao, na forodha wanaweza kulizuia dishi lenyewe. Uliza kabla ya safari. Kifurushi pia kiwe cha safari, kwa kuwa cha nyumbani kimefungwa na anwani yako.

*Tukiegesha kivulini, mtandao unakatika kila baada ya muda mfupi. Kwa nini?*

Satelaiti hizi hazijasimama mahali pamoja. Zinapita kasi, kama kilomita 550 juu yetu, na dishi linahama kutoka moja hadi nyingine. Kila inayopita nyuma ya matawi inakukatia. Sogeza gari hatua 20 kutoka kwenye mgunga, kisha fungua programu kwenye simu: itakuonyesha ni upande gani wa anga bado umezibwa.